Watu Kumi na Mmoja, Ukimhesabu Mhudumu

Gundi huganda kwenye brashi kabla haijafika ukutani.
Basi natumia stepla, na glavu nimezikata vidole,
nabandika uso wangu kwenye nguzo za umeme za Thunder Bay,
juu ya paka aliyepotea, chini ya fundi wa mabomba:
RIITTA KANGASNIEMI. NYIMBO ZAKE MWENYEWE. ALHAMISI.
Theluji ndiyo inayosoma kwanza. Haijawahi kulipa kiingilio.

"Nyimbo zako mwenyewe," anasema Kowalchuk, mwenye baa,
kama daktari anayerudia dalili ulizomtajia.
"Watu wanataka wanachokijua, binti.
Piga mbili zako, halafu zile za redio."
Nampenda Kowalchuk. Hunibakizia supu.
Lakini miaka tisa nimekuwa mgeni katika nyimbo za watu,
na mgeni, siku ya tatu, hupewa jembe.
Nimechukua langu.

Usiku naendesha gari la manispaa la kusukuma theluji.
Saa kumi alfajiri, waipa zikipiga moja-mbili, moja-mbili,
ubeti wa kwanza ulinijia bila kubisha hodi.
Wa pili niliungoja wiki tatu.
Niliukuta kwenye taa iliyokataa kuwa kijani.

Tulirekodi chumba cha chini, kwa mama yake Duquette,
magodoro yameegemezwa ukutani,
mashine ya kukaushia nguo imezimwa kwa heshima.
Ukitega sikio, katika wimbo wa nne
utamsikia mama akipiga chafya.
Tumeiacha. Imeangukia kwenye mdundo.

Nakala mia tatu. Nimeuza arobaini na moja.
Zilizobaki ziko chini ya kitanda,
nalala juu yake, kuku juu ya mayai
asiyejua yapi ni viza.

Alhamisi ikafika. Watu kumi na mmoja, ukimhesabu mhudumu.
Shangazi Aili na kofia yake ya kanisani
alipiga makofi pale nilipovuta pumzi tu.
Wawili walikuwa wanaachana, polepole, meza ya karibu na spika;
nikawapunguzia gitaa wamalizane.
Mlevi mmoja aliomba wimbo wa mtu mwingine, mara nne.
Mara ya nne nikamwambia: huo una wenyewe,
huu hauna mtu ila mimi.
Akafikiri, glasi ikiwa hewani.
"Basi," akasema, "piga huyo yatima."

Kofia ilipozunguka: dola arobaini na mbili na kifungo cha koti.
Petroli thelathini. Duquette kumi.
Mbili zangu, na kifungo.

Sikupanga kulia ndani ya gari.
Ni gari lililokataa kuwaka.

Jumatatu likavutwa hadi gereji ya Orest.
Orest alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ikionekana,
akipiga mluzi.
Shingo yangu ilitambua kabla ya masikio.
Wimbo wa nne. Ule wa chafya.
Sijui aliupata wapi; hakuwa kati ya wale kumi na mmoja.

Kwenye kiitikio akakosea. Pa kushuka, akapanda.
Nikafungua mdomo nimsahihishe.
Nikaufunga.
Akarudia, akakosea palepale, bila wasiwasi,
mtu anayepita njia ya mkato
aliyoikanyaga mwenyewe mpaka majani yakakubali.

"Betri," alisema alipotoka, akijifuta mikono. "Imekufa."
Hakunijua. Bango langu lilikuwa dirishani pake,
limefunikwa na bei za matairi:
jicho moja, na KANGAS.
Nikalipa. Nikaomba risiti.

Alhamisi hii, nikifika pale kwenye kiitikio, nitapanda.
Duquette ataniangalia juu ya ngoma zake,
akidhani nimepotea.